Perege Ndani ya Jagi

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri, maana nitasema mara moja. Shule niliishia darasa la pili, lakini ubishi niliumaliza wote.

Jaruba letu la mpunga liko bondeni, chini ya Makambako. Kule juu Njombe baridi hairuhusu. Bibi shamba mmoja, binti wa umri wa mjukuu wangu, alitufundisha kufuga perege humo humo kwenye mpunga. Wanakula wadudu, na watoto wanapata mboga. Akasema tuchimbe mfereji wa kina pembeni, ili maji yakipungua samaki wakimbilie humo. Mzee wangu, babu yao wajukuu, akaanza kuchimba. Nikamnyang'anya jembe. Nilisema samaki hana haja ya chumba cha kulala, tena mfereji utakula nafasi ya mpunga.

Mpunga ukaiva. Nikatoboa tuta ili jaruba likauke tuvune. Maji yakaenda zake. Perege, mboga ya wajukuu ya miezi yote ya baridi, wakabaki wanarukaruka kwenye tope, wananitazama mimi. Mzee wangu akakohoa. Kikohozi kile nakikumbuka mpaka leo.

Tukakimbia nao nyumbani kwenye kila chenye kushika maji: ndoo, sufuria, beseni la kuogea. Wadogo nikawatia kwenye jagi la kunawia. Kumbe siku hiyo ibada ya jumuiya ilikuwa kwetu, nami nimesahau kabisa. Nikasikia tu salamu ya “Kamwene” mlangoni.

Mzee wa kanisa akaketi, akakinga mikono. Kwa haraka nikashika jagi lile lile, nikamimina. Yakatoka maji, akatoka na perege. Akampokea kwa mikono miwili, kama anapokea sadaka.

“Bibi,” akaniuliza, “huku kwako mnanawa na mboga kabisa?”

“Mrudishe, baba. Bado mdogo.”

Chai hawakunywa, maana sufuria zote zilikuwa na wapangaji. Wakati wa sala nilifumba jicho moja. La pili lilikuwa linamwangalia paka.

Walipoondoka, nikamrudishia mzee wangu jembe lake. Akakohoa tena. Nikawaambia wa nyumbani wote: kesho alfajiri mfereji uchimbwe, ufike kiunoni kwangu, siyo kiunoni kwa mjukuu. Na mpaka uishe, hakuna anayeoga. Beseni lina wenyewe.