Shingo ya Bibi Harusi

Mama mdogo alimsugua mdogo wangu shingo kwa jiwe la kusugulia miguu mpaka ngozi ikatoa damu, na shingo ikabaki nyeusi vilevile. Nilimnyang'anya lile jiwe. Harusi yake ilikuwa imekaribia, na katika ukoo wetu wa wafugaji bibi harusi hufungiwa ndani anenepeshwe. Maziwa asubuhi, ugali mchana, na katikati chupa za soda, ambazo Bunia nzima tunaziita sukre.

"Bakwe bataona hii buchafu," mama mdogo alifoka. "Batasema hatukumulea!"

Mimi niliogopa kingine. Mama yetu aliuawa na kisukari, na shingo yake ilianza hivyohivyo. Kesho yake, kabla mtu hajala kitu, nilimtoa mdogo wangu ndani kwa ubishi nikampeleka kituo cha afya, katika mtaa wa Shari.

Nilimweleza muuguzi habari za mama, naye akamchoma mdogo wangu kidole. Kabla mashine haijatoa jibu, akainama kumtazama shingo.

"Hii haiko buchafu. Mwili yake inatoa insulini mingi, lakini nyama na maini haiisikie tena, sukari inabakia mu damu. Insulini ikizidi, shingo inakuwa nyeusi. Mafuta ya tumbo inachangia. Na damu ya mama yenu pia."

Mashine ikalia. Nilishindwa kutazama. Sukari ilikuwa imepanda, akasema, ila haijafika kuwa ugonjwa. Aache sukre, apunguze ugali, atembee, arudi kupimwa.

Mama mdogo alitupokea mlangoni na chupa imeshafunguliwa. Mdogo wangu akaikataa.

"Unataka bakwe baone mifupa?"

"Acha baone, mama mudogo. Miye sitaki kufa sawa mama."

Nikamweleza mama mdogo maneno ya muuguzi, kwa hasira, nikitafuta ugomvi kabisa. Hakubisha. Aliweka chupa chini polepole, akakaa kizingitini.

"Mama yenu, pale hopitali, alikuwa analia kiu," akasema. "Kila siku nilikuwa namupelekea sukre. Alikuwa anakunywa, ananishukuru." Akaniinulia macho. "Kumbe ni miye nilimumaliza?"

Hasira yote iliniishia. Nikaketi kando yake kizingitini.