Biskuti Zenye Picha ya Tumbili

Mume wangu alipokufa, madereva wenzake waliniletea begi lake. Lori lilikuwa limetoka barabarani karibu na Kikorongo, likapinduka, na begi likabaki zima. Ndani mlikuwa na mashati mawili, kanzu yake ya Ijumaa, tochi, na pakiti kadhaa za biskuti ambazo sikuwahi kuziona katika duka lolote la Kasese.

Nilikuwa katika eda. Mama mkwe alihamia kwetu Nyamwamba ili aniangalie, na aliniangalia kweli. Sokoni alikwenda yeye, maji aliteka yeye, na mimi mlangoni sikufika. Nilikaa chumbani kwenye mkeka. Watu waliingia, wakasema pole, wakatoka. Sikulia sana, na wengine wakasifu imani yangu. Haikuwa imani. Nilikuwa nimekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa.

Kwa kuwa sikuwa na kazi, nilizitazama pakiti zile. Zilikuwa za manjano, zinang'aa. Katikati alichorwa tumbili mwenye miwani ya jua, anacheka hadi ulimi uko nje, na mkononi ameshika jani la kijani lenye vidole. Herufi zilikuwa nene na za mviringo, kila moja na rangi yake. Mimi niliishia darasa la tano, lakini Kiingereza cha kusoma neno "asali" na neno "furaha" ninacho. Jani nilidhani nalijua. Nimezaliwa Bwera. Tangu nimeweza kushika mchi nimetwanga sombe, majani ya muhogo, na wanawake wa kwetu huoka biskuti za unga wa muhogo wakaziuza katika mifuko isiyo na picha wala jina. Nikajiambia, leo kuna mtu amezivisha biskuti zetu nguo nzuri. Mume wangu amepita Bwera, ameziona, akamkumbuka mtoto.

Binti yetu alikuwa hajaanza shule. Nilimwita asubuhi moja nikampa pakiti.

"Baba amekuletea."

"Huyu anamcheka nani?" akauliza, kidole juu ya tumbili.

"Anakucheka wewe, hujanawa uso."

Alizila zote akiwa amekaa mapajani mwa bibi yake. Bibi alimega kipande, akatafuna kidogo, akakitema kiganjani. "Ina uchungu wa majani kwa nyuma," akasema. "Muhogo haukuanikwa vizuri." Mimi sikuonja. Siku zile kila chakula kilikuwa udongo mdomoni.

Kabla ya adhuhuri mtoto alianza kuucheka ukuta. Tulicheka naye kidogo. Kisha akajaribu kusimama akaanguka, akasimama tena akaanguka, halafu akalala palepale sakafuni, macho nusu wazi. Nilimwinua, shingo ikalegea kama ya kifaranga. Nilimfinya sikio. Hakushtuka.

Mama mkwe alipiga ukelele, akaja jirani yetu, mke wa polisi, mwanamke wa kutoka kaskazini aliyekaa kambi ya polisi miaka mingi kabla ya kupanga karibu nasi. Aliingia bila kubisha.

"Amekula nini? Wewe, ongea!"

Nikamwonyesha pakiti. "Biskuti tu. Za muhogo. Ona, sombe hii hapa."

Aliikodolea macho. "Sombe? Wewe mtu ya Bwera ndiyo unaniambia hii ni sombe? Sombe iko na meno pembeni? Tazama. Hii iko na meno kama msumeno. Hii ni bangi! Ile maafande wanachomaga nyuma ya kituo, sisi tunafunga madirisha."

Nilitazama. Jani lilikuwa na meno. Maisha yangu yote nimechuma majani ya muhogo, na pembeni ni laini. Lakini jani la kwenye karatasi, lililoshikwa na tumbili, nani hulikagua?

"Toka, twende hospitali," jirani akasema. "Unangoja nini?"

Nilikuwa namtazama mama mkwe. Aibu niseme, lakini ndivyo ilivyokuwa: mtoto yuko mikononi, nami nangoja ruhusa. Yeye alivua kanga yake ya juu akanitupia kichwani.

"Funika uso uende, mwanangu. Mungu anajua mlango umefunguliwa na nini."

Hospitalini daktari alimwangalia mtoto mboni za macho, akasikiliza kifua, akaomba pakiti. Muuguzi mmoja aliigeuza na kuipeleka dirishani. Alikuta mistari ya maandishi chini kabisa, madogo kuliko mayai ya chawa, nusu yake imekunjwa ndani pale pakiti inapogundishwa. Yalisema watoto wasipewe.

"Onyo wamelificha kwenye mshono," akasema. Hakuonekana kushangaa. Ilikuwa miaka ile pombe ya pakiti ingali ikiuzwa wazi, nayo ilikuwa na picha nzuri.

"Ataamka?" nikamuuliza daktari.

"Anapumua. Dawa ya kuitoa bangi mwilini sina. Tumtie maji, tungoje. Mwite, usiache."

Nikamwita. Niliita kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba asiyojua kama wenyewe wamo. Jirani alikaa upande wa pili akimsugua nyayo na kumgombeza kijeshi, "Amka, afande mdogo, amka ripoti," mpaka sauti ikamkauka. Jua lilikuwa limeshaegemea milima alipofumbua macho akaomba maji. Nilimpa. Nilijua ninapaswa kufurahi, lakini ndani hapakusogea kitu.

Tuliporudi nyumbani jirani alitaka kuzipeleka pakiti zilizobaki kituoni. Mama mkwe akamshika mkono. "Wataandika jina la nani? La maiti? Mwanangu hakujua. Aliona tumbili akamnunulia mtoto."

Jirani akanitazama. Mume wangu alisoma kunishinda, lakini macho yake pia yangemwona tumbili kwanza. Huenda alimnunulia mtoto. Huenda alijinunulia mwenyewe, kwa ajili ya barabara ile ndefu. Sijui, na wa kumuuliza hayupo.

Tulizitumbukiza chooni, moja moja. Mtoto alisimama nyuma yetu, miguu bado haina nguvu, ameshika kanga yangu.

"Hizo ni zangu," akasema. "Baba aliniletea."

"Hazikuwa za watoto."

Alifikiri. "Sasa kwa nini wameweka tumbili?"

Bibi yake alinitazama ili nijibu. Nikaitumbukiza pakiti ya mwisho. Mtoto akaanza kulia, analilia biskuti, kisha analia akimwita baba yake, nami nikambeba nikaingia naye ndani, nikamwacha alie.