Hanuliak, Namba Saba, na Mguu wa Gejza

Mimi, Imrich Kubaška, beki wa kulia wa Vyšná Bukovka kwa miaka kumi na tisa, ndiye niliyemfundisha mpira mtoto wa dada yangu, Ctibor Hanuliak. Wengine watakwambia alifundishwa na makocha wa mjini wenye filimbi na kompyuta. Waache waseme. Makocha walimkuta ameshaiva. Nilimwivisha mimi, kwa mateke.

Njia yangu ilikuwa rahisi. Alipofika miaka kumi na mitatu nilimsimamisha pembeni kabisa mwa uwanja, mguu mmoja juu ya chokaa, nikamwambia anipite. Akipita, namkata mguu. Akiuruka mguu, namvuta jezi. Asipovutika, kiwiko cha mbavu. Dada yangu Žofka alikuwa akipiga kelele dirishani kwamba namuulia mtoto, nami namjibu kwamba mtoto wa kufa kwa kiwiko hajazaliwa kuwa winga. Mwaka wa pili nikaanza kumkosa. Mwaka wa tatu nilikuwa napiga hewa tupu, na wanakijiji wanakuja na viti vyao kunicheka. Hapo nikajua kazi yangu imekwisha. Shule niliiacha mapema, lakini hilo nililijua bila mwalimu.

Akaenda mjini na miaka kumi na minane, klabu ya ligi kuu, akapewa namba saba. Watu wakisikia mchezaji wa kulipwa wanawaza magari. Winga hawazi magari, anawaza miguu yake. Upande huu ana beki, upande huu ana uzio wenye midomo mia tano inayomtemea mate. Msimu wa kwanza alivunjwa pua kwa kiwiko. Wakamsokomeza pamba mbili, akaendelea, na krosi yake ikaleta bao. Msimu wa pili beki mmoja alimkanyaga vidole akiwa chini, akazungusha njumu taratibu kama mtu anayezima sigara. Wa tatu alirushiwa fataki inayowaka, ikamnasa shingoni. Wa tano ndio ulikuwa mbaya zaidi. Walifungwa mechi sita mfululizo, mashabiki wao wenyewe wakawaita kwenye uzio na kuwaamuru wavue jezi, kwa kuwa hawastahili kuzivaa. Wenzake wakavua. Ctibor akasema yake ameilipia kwa pua, havui. Wakaruka uzio, wakamvua wao. Alirudi vyumbani amebaki na kola shingoni, jicho moja limefumba. Nilikuwepo, niliangusha wawili. Watatu, ukimhesabu na yule niliyemkanyaga kwa bahati mbaya.

Kote huko Ctibor hakurudisha hata kofi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe: winga akirudisha anapata kadi nyekundu, akivumilia anapata frikiki. Alivumilia miaka tisa. Žofka alisema mwanawe ana moyo wa dhahabu. Mimi nilimtazama vile anavyokata mkate, nikaona si dhahabu iliyomo mle.

Alipotimiza ishirini na saba, klabu moja kubwa ng'ambo ya mpaka, kwa Wacheki, ikamtaka. Mkataba wa miaka mitatu, kusaini Ijumaa ya wiki baada ya Pasaka. Winga wa umri ule hapati barua ya pili. Alinionyesha ile barua jikoni kwa dada, na sharti lilikuwa limepigiwa mstari: mpaka siku ya kusaini asicheze mechi yoyote nje ya klabu yake, wala asiwe na adhabu ya chama chochote cha mpira. Niliisoma mara mbili. Nakiri niliisoma.

Sasa Jumatatu ya Pasaka kwetu wanaume hutoka asubuhi na ndoo na mijeledi ya fito. Unapita nyumba kwa nyumba, unawamwagia wanawake maji baridi, unawachapa miguuni ili wawe na afya mwaka mzima, nao wanakupa yai, kipande cha nyama ya nguruwe na kikombe kidogo cha pombe kali ya plamu. Kukataa kikombe ni kuitukana nyumba. Na Vyšná ina nyumba tisini na mbili. Wapanga ratiba wa wilaya, watu wasiokunywa, wakatuwekea siku hiyohiyo, saa tisa mchana, mechi dhidi ya Nižná Bukovka, majirani zetu wa bondeni. Tunachukiana nao kwa sababu ya kengele ya kanisa. Walituibia wao au tuliwaibia sisi, inategemea unaulizia kijiji gani.

Meneja wa timu ni mimi. Saa nane winga wetu, mkata magogo Ondrej Vargončík, akapatikana amelala ndani ya hori la ng'ombe la mama mkwe wake, mjeledi bado mkononi. Tulimmwagia ndoo nne. Akageukia upande wa pili. Tukabaki kumi. Nikachukua leseni yake ya uchezaji, yenye picha ya miaka kumi na moja iliyopita, nikaenda kwa Žofka. Ctibor alikuwa mezani, klabu imempa mapumziko ya siku mbili, naye ameshapita nyumba kadhaa. Mashavu yalikuwa mekundu.

"Mjomba, nikishikwa hakuna Ijumaa," aliniambia kabla sijafungua mdomo.

"Nani wa kukushika? Mwamuzi ametoka wilaya nyingine, miwani yake minene kama vifuniko vya mitungi. Na Nižná hawathubutu kusema, golini wamesimamisha mamluki, anadaka kwa leseni ya shemeji yake."

"Gejza anacheza?"

"Anacheza. Kumbe ndiye anayekuzuia? Sema tu, nimwambie mama yako akutandikie kitanda."

Gejza Šoltés, mchomelea vyuma, ni beki wa kushoto wa Nižná. Tangu wana miaka kumi na mitano alikuwa akimkaba Ctibor, na hakuwahi kumshika hata siku moja. Ctibor aliinuka, akavaa koti. Vyumbani nilimnyoa ndevu kwa wembe wa mlinda uwanja, maana Ondrej kwenye picha hana ndevu. Mkono wangu ulikuwa na vikombe vyake pia, nikamkata mara tatu. Akaingia uwanjani damu inamtiririka kwenye kola kabla hata ya filimbi.

Nahodha wa Nižná alimwona, akanitazama, akamtazama kipa wake, akanyamaza. Gejza alikuja mpaka kwenye chokaa akamvulia Ctibor kofia ambayo hakuwa nayo.

"Karibu, Ondrej," alisema. "Nasikia leo una mbio kidogo."

Dakika ya nne Ctibor akampita, akafunga. Dakika ya kumi na moja akampita tena, na safari hii Gejza alizamisha njumu kwenye paja lake, nyama ikachanika, vitundu sita kama vya uma. Mwamuzi akaashiria mchezo uendelee. Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Ligi kuu Ctibor ana jina, na jina linalindwa kwa filimbi. Hapa alikuwa Ondrej Vargončík, mkata magogo, na mkata magogo haonewi huruma. Alipigwa kiwiko cha kinywa, akatema damu. Alivutwa nywele akiwa angani kwenye kona, akaangukia mgongo. Alikanyagwa kifundo mbele ya mshika kibendera, na mshika kibendera akamwambia aache kujiliza. Kila akianguka, watu wa bondeni wanammwagia maji ya ndoo za asubuhi na kuuliza kama Ondrej bado amelewa. Hata hivyo kipindi cha kwanza kiliisha tunaongoza mbili bila.

Wakati wa mapumziko nilimwambia atoke, mbili zinatosha. Msiniulize kama nilisema kwa sauti. Alikuwa ameketi akifunga paja kwa taulo, macho sakafuni.

Dakika ya sitini na nne mpira ulidundia kati yao, karibu na kona ya Nižná, mita tano kutoka nilipokaa. Gejza alifika kwanza, akaukanyaga mpira kwa mguu wa kulia, mguu wa kushoto ameusimika kwenye majani. Ctibor alikuja kwa mbio zile zilizomtoa kijijini. Aliupita mpira. Njumu zote mbili ziliingia chini ya goti la mguu uliosimama, na mlio wake niliusikia mimi, aliusikia mwamuzi, na mwanamke aliyekuwa anauza soseji akaachia koleo lake motoni. Mguu ulipinda mahali pasipo na kiungo. Mfupa mweupe ulichungulia kwenye soksi. Gejza hakupiga kelele mara moja; aliutazama kwanza kama mguu wa mtu mwingine.

Kisha vijiji viwili vikakutana katikati. Mijeledi ilikuwepo tayari, ndoo zilikuwepo tayari. Watu walichapana usoni kwa fito zilizosukwa kwa ajili ya miguu ya mabinti. Kipa wao alipigwa ndoo ya bati kichwani mpaka mpini ukakatika. Paroko alikuja kuamua, akapasuliwa mdomo na mtu wa kwaya yake mwenyewe. Mimi nilisimama mgongo kwa mgongo na mlinda uwanja nikaangusha watano, na huo si uongo wa plamu, muulize mlinda uwanja akipata fahamu vizuri. Ctibor peke yake hakupigana. Alipiga magoti pale kwenye kona amekishika kichwa cha Gejza, huku watu wa bondeni wakimchapa mgongoni, naye haondoki, mpaka gari la wagonjwa lilipofika.

Mwamuzi akaandika ripoti: Ondrej Vargončík, namba saba, kadi nyekundu, kuvunja mifupa miwili. Nikaisaini. Jioni nilimtoa Ondrej horini nikamweleza alichokifanya. Alifikiri, akauliza kama tulishinda. Nilimhakikishia kwamba akisimamia jina lake, watu arobaini wa Vyšná wataapa walimwona. Akakubali kwa malipo ya soseji za majira ya baridi.

Ilibaki Gejza. Hospitali ilikuwa imeripoti polisi, na askari angekuja Alhamisi kuchukua maelezo kitandani. Kwa hiyo Jumanne mimi na Ctibor tulikwenda na paja la nguruwe la kukaushwa na chupa. Mpango ulikuwa wangu: Gejza aseme ni ajali, na aseme ni Ondrej. Ctibor aliendesha gari, vidonda vya wembe kidevuni.

Gejza alikuwa amelala, mguu mzima ndani ya hogo jeupe la plasta, umening'inizwa. Nikamweleza vizuri, kama mtu mzima. Nikamweleza na Ijumaa, mkataba, miaka mitatu.

"Ajali nitasema," alinijibu. "Hakuna atakayefungwa kwa sababu yangu. Mpira ni mpira."

Nikaanza kufungua chupa.

"Ila jina hapana, mjomba Imrich. Nimemkaba huyu tangu nina miaka kumi na mitano. Unataka nizeeke nikichechemea, watu wakiniuliza nani alinivunja, niwaambie Ondrej? Ondrej anayeanguka akifunga kamba za viatu?" Alimgeukia Ctibor. "Nimevunjwa na winga wa ligi kuu. Hicho ndicho kitu pekee nilichopata jana."

Nikamkumbusha kwamba ripoti inasema Ondrej, mashahidi ni arobaini, na yeye amejaa dawa za maumivu. Akisema Hanuliak, watamcheka mpaka bondeni.  Gejza aligeuza uso ukutani. Nilidhani nimeshinda. Mimi nikishinda huwa najua.

Ctibor alikuwa amesimama miguuni pa kitanda muda wote.

"Niliuona mguu wako," alisema. "Mpira sikuuangalia kabisa."

"Najua," Gejza akajibu ukutani. "Nilikuona unavyokuja."

Mezani palikuwa na kalamu nene ya muuguzi. Ctibor aliichukua. Nilimdaka mkono, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba Alhamisi askari anajua kusoma. Akanisukuma kwa bega, sukumo lilelile nililomfundisha, nikagonga kabati. Akaandika juu ya hogo, kuanzia gotini hadi kifundoni, herufi kubwa: CTIBOR HANULIAK, 7, na tarehe ya Jumatatu ya Pasaka. Akaandika kwa mwendo wa polepole, si kama wachezaji wanavyowaandikia watoto majina yao nje ya uwanja. Gejza alijiinua kwa viwiko asome. Akasema ongeza dakika. Ctibor akaongeza: dakika ya 64.

Kilichofuata kinajulikana. Askari alisoma. Kamati ya wilaya ikaita leseni zote, mimi nikafungiwa miaka miwili, kipa wa Nižná na shemeji yake mwaka mmoja kila mmoja, Ctibor miezi minane. Wacheki walipiga simu Ijumaa, wakaongea dakika moja. Klabu yake nayo haikumwongezea mkataba. Alipomaliza adhabu akacheza daraja la pili, misimu mitatu, pembeni palepale, na mabeki wa huko walikuwa na njumu ndefu kuliko za ligi kuu. Sasa anafundisha watoto. Yeye hawapigi mateke, na ndiyo maana hawatafika popote.

Ila kuna jambo la siku ile pale hospitali ambalo watu husema vibaya. Husema nilianguka kwenye ngazi za ghala. Sikuanguka. Tulipofika kwenye maegesho nilimwambia Ctibor bado kuna njia: usiku nirudi na mkasi na bandeji, nimfunike Gejza lile jina kabla ya Alhamisi. Hakuniacha nimalize. Alinipiga ngumi moja ya mdomo, nikakaa chini kwenye lami, meno mawili kiganjani, ya mbele, mazuri. Nikayatazama. Nikamwambia, ili asijione, kwamba marehemu baba yake alikuwa na ngumi nzito zaidi.

Akanipiga ya pili. Hiyo ilikuwa nzito kuliko ya baba yake, na nilimwambia hivyo.