Fundi anayelinda baridi ya darubini

Saa tano asubuhi, mlio wa kompresa unabadilika. Fundi Barafu, kama wenzake wanavyomwita, anaacha chai yake na kutega sikio karibu na mtambo.

"Maji ya kupoza mtambo hayapiti," anasema. "Chujio limeziba."

Kompresa hiyo ndiyo inayopoza darubini iliyo juu ya paa. Darubini hii haitazami nyota. Inapokea joto hafifu mno lililobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, zaidi ya miaka bilioni kumi na tatu iliyopita. Ili kulinasa, vihisi vyake lazima viwe baridi kuliko joto lenyewe. "Huwezi kusikiliza mnong'ono huku unapiga kelele," anaeleza mama huyu wa watoto wawili.

Kompresa ikizimika, kupoza upya ni siku tisa. Mvua zinaanza baada ya siku kumi na moja, kisha darubini inang'olewa. Kipande cha mwisho cha ramani ya anga, inayochorwa kutokana na joto hilo, kinahitaji siku sita. Wakizima leo, hakitapatikana.

"Tuzime?" anauliza Daktari, mkuu wa utafiti.

"Tuzime halafu tukae tukitazamana, Daktari?"

Ili asafishe chujio, lazima afunge valvu ya maji, tena kwa dakika tatu tu, la sivyo kompresa itapata moto na kuzimika. Kando yake kuna valvu ya gesi, zimefanana kama mapacha. Mwaka jana alifunga ya gesi, kompresa ikazimika. "Nililia hadi macho yakavimba," anakumbuka. Tangu hapo hushika mabomba kwanza: la maji huwa baridi, la gesi vuguvugu.

Leo, maji yakiwa yamesimama, yote mawili yana joto.

Kompresa inazidi kukwaruza. Jasho linamtoka. Anakwenda hadi kwenye tangi la maji, anashika bomba linapoanzia, analifuata kwa kidole, kiungo kwa kiungo, ukutani kote.

"Hii ndiyo ya maji. Nafunga."

"Ya maji, funga," Daktari anarudia, macho kwenye saa. "Dakika moja... Dada, ya pili hiyo!"

"Hesabu kimoyomoyo, unanitia kiwewe!"

Chujio linatoka limejaa kutu. Analisuuza, analirudisha, anafungua valvu. Mlio unatulia. Kwenye skrini, joto la vihisi lililokuwa likipanda linasimama, kisha linashuka.

Daktari anakaa sakafuni, hoi. Fundi anacheka, anarudia chai yake.

Mama yake mzazi humuuliza kila jioni ameona nini huko kazini, naye hana cha kumwonyesha. "Ramani ikikamilika nitaitundika chumbani kwake," anasema. "Nimwambie, mama, huu ni ulimwengu ulipokuwa bado mtoto wa kubebwa. Siku sita tu, Mungu akipenda."