Siku Wanajeshi Walipopanda Kitanda Changu

Naona haya kuandika mambo haya, na hasira bado ninayo, sijui itangulie ipi.

Mama mkwe alikuwa anakuja kwetu Gatwekera, mtaa wa mabanda, mara ya kwanza, kuona kama binti yake anakaa vizuri, na mke wangu Nekesa alikuwa ameazima sufuria kubwa ambayo jiko letu lilishindwa kuibeba, basi mimi nikapanda juu nikatoa mawe matatu yaliyokandamiza mabati, nikapanga mafiga nje. (Kwetu mawe ndiyo misumari ya paa. Nilijua. Nilisema ni ya saa moja tu.)

Nikashuka Silanga, kando ya bwawa, kutafuta kuni. Jua lilikuwa kali, upepo ukavuma ghafla, na watu wakaangalia juu: kitu kinang'aa, kinazunguka, hakina mabawa, hakina sauti, kikapita juu ya bwawa kikaangukia kwenye matete. Wote tulikiona. Lakini gari la jeshi lilipofika (wanajeshi nao walikuwa wamekiona kutoka kambini), wauza mboga wote wakawa vipofu, nikabaki mimi kueleza. Nikasema ni cha mviringo. Niseme ukweli, nilipoona afisa anasikiliza vizuri, niliongeza madirisha.

Wakatulaza kifudifudi, wakaingia matopeni na bunduki, wakatoka na bati. La pipa lililonyooshwa, lenye rangi ya buluu upande mmoja. Nililijua. Nikageuzia uso upande mwingine. Ndipo muuza sukuma mmoja, kipofu wa saa ile ile, akapata macho.

"Afande, hilo si la kwa Wafula? Huyo hapo karibu na kiatu chako."

Wangenipiga yaishe, ningeelewa. Hapana, walitaka kuhakikisha, wakanipeleka nyumbani nimebeba bati kichwani, kijiji kizima nyuma. Mama mkwe alikuwa ameshafika, amekaa uani, akanipa mgongo kwa heshima. Sasa kwetu Bungoma mama mkwe haoni kitanda cha mkwewe, ndiyo maana chetu kilikuwa nyuma ya pazia. Afisa alitaka kuona kama bati linaziba lile tundu la paa, na ngazi hawakuwa nayo. Wakatoa kitanda. Wakakiweka uani, mbele ya mama, godoro na shimo lake, na mwanajeshi akapanda na buti.

"Afande, nikuletee meza. Huyu ni mama mkwe wangu."

"Meza yako ina miguu mitatu," akasema.

(Ni kweli, ilikuwa na mitatu.)

Bati likaingia sawasawa. Mama mkwe akajifunika uso na leso, akasema na Nekesa, si nami: "Mwambie bwana yako nimeona." Akaenda Kawangware kwa dada yake, hata chai hakuonja.

Labda nakosea kuwalaumu. Jeshi lina kazi yake, na mawe niliyatoa mimi. Lakini watu wenye gari, redio na darubini wanakosaje ngazi? Mawe nimeyarudisha, nimeongeza na mengine. Na siku kitu kingine kikipita angani, hata kikitua na wenyewe wakapiga hodi, mimi nitaangalia chini.