Santuri Chini ya Gunia la Unga

Harufu ya makaa yanayoshika moto asubuhi ya baridi bado inanitia aibu. Katika kambi ya wafanyakazi wa shaba pale Lubumbashi, miaka ile ya Zaire, kipupwe kilipoingia tuliweka mbabula, jiko letu la makaa, katikati ya sebule. Kando yake baba alipanga betri za gramafoni zilizochoka, maana zikipata joto zilirudisha nguvu kidogo. Kila Jumapili baada ya misa, akiwa bado na abakosti yake, ile suti isiyovaliwa tai, alitupigia santuri moja tu: albamu ya kwanza ya Wamarekani wanne waliokuwa wakiimba soul. Kiingereza hatukukijua hata neno. Lakini Yaya Mwape, dada yangu mkubwa kwa ukoo, binti wa shangazi yangu aliyeletwa kutoka Kasomeno ili asome kwa masista, aliweza kuifuata sauti ya tatu, ile inayojificha katikati, na baba alimtazama kana kwamba amemzaa yeye. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na wivu ulinikaba.

Jumamosi moja wazazi walikwenda sokoni Kampemba, naye Mwape alikuwa uani akiosha sufuria. Nikawasha gramafoni ili nijifunze ile sauti kwa siri. Betri zilikuwa zimechoka, waimbaji wakaburuza maneno kama walevi. Nikazisogeza kwenye mbabula, kisha, kwa akili zangu za kitoto, nikaona na santuri ipate joto. Nilipogeuka ilikuwa imejikunja kama jani kavu. Nikaisukuma chini ya gunia la unga, nikiomba uzito uinyooshe.

Haikunyooka. Kesho yake baba aliitafuta nyumba nzima mpaka akaikuta, na gunia lile aliyeligusa kila siku alikuwa Mwape tu, aliyetupikia bukari, ugali wetu.

"Ni wewe, Mwape?"

"Hapana, yomba. Haiko mie."

Baba akanigeukia. "Wee ulimuona?"

Nikaitikia kwa kichwa. Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba kuitikia kwa kichwa si kusema uongo. Wiki hiyohiyo Mwape alipandishwa lori la Kasomeno, madaftari yake yamefungwa ndani ya kitenge. Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kuunganisha herufi. Kabla lori halijaondoka alinitazama kwa muda mrefu, nami nikashughulika na kifungo cha sweta yangu.

Mwaka jana nilimfuata Kasomeno, anakouza samaki wakavu, nikamweleza yote. Aliendelea kuwapanga samaki wake.

"Nilijua. Nilikuonaka ku dirisha. Nikasema, huyu mutoto iko na woga, atasema kesho. Nilikungoja hata pale ku lori."

Nilitamani ardhi inimeze. Kumbe siku ile hakuwa ananilaumu kwa macho, alikuwa ananipa nafasi.

Siku hizi albamu ile imo ndani ya simu ya mjukuu wangu. Anaipiga apendavyo na hakuna joto linaloweza kuikunja. Gramafoni imekwisha, kambi imechakaa, baba amekufa akiamini kwamba mpwa wake alikuwa mharibifu. Mimi niliendelea na shule hadi chuo kikuu, kule Kasapa. Siku ile kule Kasomeno, nilipokuwa naaga, Mwape alitoa karatasi ya zahanati kwenye fundo la kitenge chake, akaniomba nimsomee dawa zake anywe mara ngapi.