Trekta la kijiji liliwaka mbele ya kamati tu, nikibaki nalo peke yangu linazima

Wakuu, salaam kwenu.

Jana nimeona uzi wa jamaa analia na pickup yake inayozima njiani, nikakumbuka yaliyonikuta. Siongezi chumvi. Wa kunisuta wapo, wengine tunaswali nao hapa hapa Tangini.

Enzi za Ujamaa nilikuwa dereva wa trekta la kijiji, upande wa Magindu. Trekta dogo, engine ya diesel, la kizamani hata kwa wakati ule. Tulilipokea likiwa limeshachoshwa na watu wengine. Tukaliita Bibi, maana lilikohoa sana kila asubuhi kabla ya kuamka.

Diesel ilikuwa adimu. Yakaanza maneno kwamba kuna mtu anaichota usiku kuwashia koroboi. Mwenyekiti wetu, Mzee Kondo, alikuwa hana mzaha na mali ya umma. Akakifunika kifuniko cha tenki kwa nailoni, akazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, akapiga kamba kwa fundo analolijua yeye.

Amri ikatoka: hakifunguliwi ila mbele ya kamati. Kila asubuhi wanafungua, wanapima kwa kijiti, wanafunga. Ukilegeza fundo lile peke yako, mwizi ni wewe.

Haikupita muda Bibi akaanza visa.

Nalima vizuri, halafu engine inapungua nguvu, inakohoa, kimya. Nikipiga starter inazunguka tu.

Nikasafisha filta. Nikatoa upepo kwenye njia ya mafuta. Nikapuliza pipe kwa mdomo mpaka nikameza diesel (msijaribu, mtacheua siku nzima). Kila likizima kamati inakuja, inafungua tenki kuangalia kama nimeiba. Mafuta yapo. Nawasha, mngurumo safi kabisa! Wakishaondoka, linazima tena.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mzee Kondo akasimama mkutanoni.

"Ndugu wananchi, likiwa na kamati linafanya kazi. Likiwa na dereva linakufa. Mgonjwa nani hapo, trekta au dereva?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana neno lililofuata lilikuwa hujuma, na miaka ile neno hilo halikuwa la utani. Akasema likizima tena, mgambo wanipeleke wilayani Kisarawe.

Siwalaumu sana. Masika yalikuwa yananukia na nusu ya shamba la kijiji haijaguswa. Watu walikuwa wanaiona njaa inakuja.

Nyumbani, mke wangu Mwanahawa alizifunga nguo zangu kwenye kanga. Niliogopa wakuu, nisiwadanganye.

Kesho yake likazimia katikati ya shamba.

Nikafungua skrubu ya filta, hakuna hata tone. Nikagonga tenki, limejaa. Mafuta yapo juu, chini hayafiki, na pipe nimeizibua mwenyewe. Nikakaa kwenye tuta, jasho linanitoka, nikajiuliza: hivi kamati inafanya nini ambacho mimi sifanyi?

Engine hawaigusi. Wanafungua kifuniko tu.

Kifuniko kile kilikuwa na kitundu kidogo cha kupitisha hewa, na Mzee Kondo alikuwa amekiziba. Hewa haiingii, mafuta hayashuki. Toboa kopo la mafuta ya kula tundu moja tu uone linavyogoma kumimina.

Kisu ninacho mfukoni, ila kukata siwezi. Nikigusa lile fundo nimejifunga mwenyewe. Nikawaomba kina mama waliokuwa wanalima jirani waniitie Mwenyekiti.

Akaja na mgambo wawili na kamati yake.

"Shikamoo, Mzee."

Hakuitikia. "Limezima?"

"Limezima. Naomba ufungue kifuniko kwa mkono wako. Mimi nasimama kule. Wewe sikiliza tu."

"Unataka kunichezea?"

"Kama hakuna kitu, Mzee, nguo zangu zimeshafungwa."

Akafungua fundo, akabandua mpira.

Fyuuuu! Tenki likavuta hewa, kila mtu akasikia. Nikaenda kwenye skrubu, diesel ikanimwagikia mkononi yenyewe. Nikakaza, nikawasha. Bibi akanguruma.

"Sasa lifunge tena, Mzee, kama ulivyolifunga."

Akafunga. Nikalima, kamati nzima na mgambo wao wananifuata nyuma kwenye matuta. Safari hiyo nilikuwa naomba Mungu lizime, na lilivyochelewa nikaanza kusoma kila dua ninayoijua.

Likakohoa. Likazima.

Mzee Kondo akafungua mwenyewe, bila kuombwa. Fyuuuu. Mgambo mmoja akacheka, akaangaliwa, akanyamaza.

Radhi hakuniomba mpaka anaingia kaburini. Ila msimu ule wote alinitangulia kufika kwa Bibi, anafuta kifuniko, anakipuliza kile kitundu kwa mdomo wake, ndipo ananiambia, "Haya, panda."

Lile furushi la nguo likakaa pembeni ya kitanda mpaka mahindi yalipoota. Nikamuuliza Mwanahawa kwa nini halifungui, trekta si limepona?

"Trekta nimeliamini," akasema. "Watu bado."

Nilichojifunza wakuu: chombo kikigoma, kabla hujamtafuta mchawi, kagua kwanza ulichokifunga wewe mwenyewe. Na yule jamaa wa pickup, hebu fungua kifuniko cha tenki usikilize, kisha urudi utuambie.

Waliowahi kuitwa wahujumu kwa kosa la kitundu, uwanja ni wenu.